Taa Inayolipiwa kwa Simu: Hesabu ya Subira katika Biashara ya Mtandao

Katika vijiji vilivyo mashariki ya Mlima Meru, kama vile vya Ngarenanyuki, jua hutoweka kabla ya saa yake, kwa kuwa mlima wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500 husimama kati ya jua na wanakijiji. Kwa miaka mingi giza hilo la mapema lilikuwa na dawa moja tu, nayo ni koroboi: kopo la mafuta ya taa, utambi, na moshi uliowawasha macho watoto waliojisomea karibu nayo. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2010 dawa ya pili ilianza kuonekana juu ya mapaa ya mabati. Ilikuwa ni paneli ya sola, na waya ulioshuka ndani hadi kwenye kisanduku kidogo kilichopachikwa ukutani. Ajabu ya kisanduku hicho haikuwa mwanga wake bali tabia yake. Mwenye nyumba akilipa kwa simu, taa huwaka. Asipolipa, kisanduku hujifunga chenyewe, hata kama jua limewaka kutwa nzima na betri imejaa.

Kampuni mbili zilizoieneza biashara hiyo zilikuwa na mizizi Arusha. Moja ni Off Grid Electric, ambayo baadaye ilijiita Zola Electric. Nyingine ni Mobisol, iliyotoka Berlin, Ujerumani, ikafanyia Arusha majaribio yake ya mwanzo, ikaweka hapo makao yake ya Tanzania na kufungua chuo cha kuwafunza mafundi wake. Mteja alijulikana kwa namba yake ya simu, alilipa kwa simu, na mtambo wake ulifungwa na kufunguliwa kwa maagizo yaliyosafiri katika mtandao. Kwa hiyo, ingawa bidhaa yenyewe ilipigiliwa misumari juu ya paa, biashara ilikaa katika mtandao.

Makala haya yanazitumia kampuni hizo, pamoja na jirani zao wachache, kuchunguza swali linalowakabili vijana wengi wanaomaliza shule na kutaka kujiajiri kwa njia ya intaneti. Huambiwa kila siku kwamba wavumilie. Lakini wavumilie kwa muda gani? Na mtu atajuaje kwamba anasubiri mavuno, wala si kwamba anasubiri hasara ikomae?

Jina moja, vitu viwili

Kwanza hapana budi kuondoa utatanishi wa jina. Nchini Tanzania maneno "biashara ya mtandao" hutumika kwa vitu viwili visivyo na undugu wowote. Kuna biashara inayotumia mtandao wa mawasiliano, yaani simu na kompyuta, kuuza kitu chenye manufaa. Na kuna ile ambayo mtandao wake ni watu: mwanachama hulipa kiingilio, kisha huambiwa alete wengine watano, nao walete watano watano, na sehemu ya viingilio vyao humpandia yeye. Wahubiri wa biashara hii ya pili hulipenda mno neno subira. Aliyetoka mikono mitupu huambiwa kwamba hakuvumilia vya kutosha.

Mwanafunzi aliyekwisha kusoma mfuatano ambao kila namba huzidishwa kwa kizidisho kilekile anaweza kuwajibu kwa mistari mitatu. Mtu 1 huleta 5, hao huleta 25, hao nao huleta 125. Katika hatua ya 11 wanahitajika watu wapya 48,828,125, na jumla ya wote tangu wa kwanza ni 61,035,156. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 61,741,120 katika Tanzania nzima, pamoja na watoto wachanga. Hatua ya 12 ingedai watu wapya milioni 244, ambao hawapo. Tena mwalimu awaoneshe wanafunzi jambo la pili, ambalo ni baya zaidi: mti huo ukikoma katika hatua yoyote ile, karibu wanne kati ya kila watano waliomo huwa wako katika tabaka la mwisho, wamelipa na hawana wa kumleta. Hapo subira haina kazi, kwa kuwa kosa limo katika hesabu yenyewe. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha DECI, ambayo wanachama wake "walipanda mbegu" wakitumaini kuvuna zaidi, na mavuno ya waliotangulia yakitoka katika mbegu za waliofuata. (Upatu wa majirani, ambao watu kumi huchanga na kupokea kwa zamu, haumo katika lawama hii; wenyewe haumhitaji kamwe mtu wa kumi na moja.)

Tukiiweka hiyo kando, tunabaki na biashara ya kweli, ambayo maswali yake ni magumu zaidi.

Barabara ya nuru

Biashara ya mtandao haiwezi kuutangulia mtandao wenyewe. Kabla ya mwaka 2009, mawasiliano ya intaneti kati ya Afrika Mashariki na nchi za ng'ambo yalipitia kwa sehemu kubwa katika setilaiti zilizoko takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi la mfanyabiashara wa Arusha lilipanda kilomita hizo na kushuka, kisha jibu likapanda na kushuka: jumla kilomita 144,000. Kwa kasi ya nuru ya kilomita 300,000 kwa sekunde, hiyo ni karibu nusu sekunde kwa kila swali na jibu, hata kabla kompyuta hazijafikiri lolote. Na ukurasa mmoja hudai maswali na majibu mengi. Julai 2009 kebo ya SEACOM, iliyolazwa chini ya bahari, ilifika Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ikaja EASSy. Na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaichukua nuru hiyo kutoka pwani hadi mikoani. Ndani ya uzi wa kioo nuru huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, polepole kuliko angani. Lakini njia ya kwenda Ulaya na kurudi, tukiikadiria kuwa kilomita 30,000, huichukua sekunde 0.15 tu, na uzi mmoja hubeba habari nyingi mno kuliko setilaiti ya siku zile.

Twalitaja hili kwa sababu ya haki. Mtu aliyejaribu kuuza huduma zake kwa intaneti mjini Arusha mwaka 2003, akalipia setilaiti kwa bei ya wakati ule, kisha akafunga ofisi yake, hakuwa mvivu. Aliifanya kazi njema katika miaka isiyofaa. Wanaosimulia habari za waliofanikiwa husahau mara nyingi kuutaja mwaka walioanza.

Mifuko miwili ya wakala

Barabara ya pili ambayo taa zetu ziliihitaji ni ya fedha. Mtu wa Ngarenanyuki asingeweza kupanda gari hadi mjini kulipa shilingi mia chache. Nauli ingeyazidi malipo. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaja Tanzania Aprili 2008 chini ya Vodacom. Kenya ilishika kama moto wa nyasi kavu. Tanzania haikushika. Miezi 14 baada ya kuanzishwa, Kenya ilikuwa na watumiaji takriban milioni 2.7, Tanzania, baada ya miezi kama hiyohiyo, ilikuwa na takriban 280,000, yaani kama sehemu moja ya kumi.

Mtu mwepesi wa kuhukumu angesema kwamba Watanzania hawaitaki huduma hiyo, na angefunga. Lakini sababu zilikuwa nyingine, na ziliweza kuhesabiwa moja moja. Safaricom ilikuwa imeshika sehemu kubwa sana ya soko la simu la Kenya, ilhali Vodacom iligawana soko na wenzake. Wakenya walikuwa na vitambulisho vya taifa, Watanzania bado. Nchi ni pana na watu wake wametawanyika. Na zaidi ya yote kulikuwa na tatizo la wakala, ambalo tutalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu ndilo moyo wa biashara hii, na kwa sababu kila msomaji amekwisha kulipitia hata kama hakulijua jina lake.

Wakala ana mifuko miwili. Mmoja una noti. Wa pili, uliomo ndani ya simu, una floti, yaani fedha za mtandao. Mteja akiweka fedha, noti huongezeka na floti hupungua. Mteja akitoa, floti huongezeka na noti hupungua. Jumla ya mifuko yote miwili haibadiliki, isipokuwa kwa kamisheni. Sasa fikiria siku ya gulio la Tengeru. Asubuhi wanunuzi kutoka mjini hutoa fedha ili wanunue ndizi na mboga, na noti za wakala huisha. Jioni wauzaji, wasiotaka kutembea na fedha usiku, huweka walichopata, na floti huisha. Kila mara wakala anapomwambia mteja kwamba "floti imeisha" au "noti hakuna", mteja hujifunza kitu kimoja: kwamba huduma hii si ya kutegemea. Kumfundisha kinyume chake huchukua miezi. Na wakala mwenyewe, akiona kwamba wateja ni wachache, haweki mtaji zaidi katika mifuko yake. Na kwa kuwa mifuko ni miembamba, wateja hubaki wachache. Ni duara linalojizungusha lenyewe.

Duara la namna hiyo halikatwi kwa kungoja tu. Lilikatwa kwa kuongeza mawakala na kuupanga upya utaratibu wa kuwahudumia na kuwapatia floti. Ndipo idadi ya watumiaji ikapanda. Mwaka 2014 kampuni za Airtel, Tigo na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane fedha moja kwa moja kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na mwaka 2016 Vodacom ikajiunga; Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo duniani kulifanya jambo hilo. Kutoka sehemu moja ya kumi ya Kenya hadi hapo ni miaka michache tu. Lakini ilikuwa miaka ya kupima, kubadili na kupima tena, na nyuma yake kulikuwa na kampuni kubwa iliyoweza kuulipia muda huo.

Kisanduku na wingu la Julai

Turudi mlimani. Kisanduku cha ukutani ni ndugu wa mita ya LUKU ambayo wasomaji wa mjini wanaijua. Katika LUKU, mteja hupewa tarakimu 20. Mita huzifumbua kwa siri iliyomo ndani yake na kutambua kwamba ni halali, ni zake, wala hazijatumika. Mitambo ya sola iliufuata mfano huohuo kwa njia mbili. Baadhi ilikuwa na vibonye vya kuingizia tarakimu zilizopokewa kwa ujumbe wa simu. Mingine ilikuwa na kadi ya simu ndani yake, ikazungumza na kompyuta ya kampuni bila mkono wa mtu. Njia hii ya pili ina faida kubwa: mtambo huweza kutoa taarifa za betri yake, na fundi akajua kwamba betri fulani inachoka kabla mwenye nyumba hajalalamika.

Je, mtambo wenyewe watosha? Hili ni swali la fizikia, nalo lina jibu la kifedha. Tuchukue paneli ya wati 80. Katika miezi ya jua kali, mahali kama Arusha, tukadirie kwamba hupata nuru inayolingana na saa 5 za jua kamili kwa siku: wati 80 mara saa 5 ni wati-saa 400. Tuondoe robo yake inayopotea katika joto, nyaya na betri. Zinabaki wati-saa 300. Matumizi ya nyumba ni haya: taa 4 za wati 3 kwa saa 5, wati-saa 60, redio ya wati 5 kwa saa 6, wati-saa 30, televisheni ndogo ya wati 20 kwa saa 4, wati-saa 80, kuchaji simu tatu, takriban wati-saa 18. Jumla ni 188. Mtambo unatosha na kubakiza.

Lakini kila aliyeishi Arusha anaufahamu mwezi wa Julai. Ni msimu wa kipupwe. Mawingu hukaa juu ya mteremko siku nzima, na watu wa mjini huvaa makoti. Tuseme saa za jua kamili zinashuka kutoka 5 hadi 2.5. Sasa tunapata wati-saa 200, na baada ya upotevu, 150. Matumizi ni yaleyale 188. Televisheni hukatika katikati ya taarifa ya habari, na mwenye nyumba, ambaye hakufundishwa habari za wati-saa, huona kwamba ameuziwa kitu kibovu. Hapo ndipo fizikia inapogeuka kuwa uhasibu, kwani mtu asiyepata mwanga halipi. Tena wingu hilo huweza kumkuta mfukoni pia, maana mkulima wa mahindi au kahawa hapati fedha kila mwezi kama mwalimu. Huzipata kwa msimu. Ratiba ya malipo iliyopangwa kwa mtu wa mshahara humfanya mkulima mwaminifu aonekane mdaiwa sugu.

Shimo la milioni 750

Sasa tufikie kiini cha jambo. Tutatumia kampuni ya kufikirika, na takwimu za kufikirika zilizochaguliwa kuwa rahisi, ili kila darasa liweze kuzirudia ubaoni.

Kampuni hiyo hununua na kufunga mtambo mmoja kwa shilingi 600,000. Mteja hulipa shilingi 25,000 kila mwezi kwa miezi 36, jumla 900,000, akianza mwezi unaofuata ule wa kufungiwa. Kampuni hufunga mitambo 100 kila mwezi. Mishahara, riba na kodi tumeziacha. Mtu atasema kwamba hii ni biashara nzuri: kila mtambo unaingiza faida ya 300,000.

Mwezi wa 1 kampuni hutoa milioni 60 na haipokei kitu. Mwezi wa 2 hutoa milioni 60 na kupokea milioni 2.5. Mwezi wa 3 hupokea milioni 5. Hivyo ndivyo mapato yanavyopanda, hatua ndogo ndogo, na mpaka mwezi wa 25 ndipo yanapolingana na matumizi. Kufikia hapo kampuni imekwisha kuzama shilingi milioni 750. Zingatieni kwamba haijafanya kosa lolote. Hakuna mteja hata mmoja aliyekataa kulipa. Shimo hilo limechimbwa na muda peke yake. Kisha huanza kupanda, na mwezi wa 56, yaani baada ya miaka 4 na miezi 8, hutoka shimoni na kuona faida yake ya kwanza ya kweli.

Sasa ingiza wingu la Julai. Tuseme mteja 1 kati ya 10 halipi kabisa. Faida ya jumla bado ipo, kwa kuwa mitambo 9 huingiza 8,100,000 na gharama ya yote 10 ni 6,000,000. Lakini shimo hufika milioni 830, na siku ya kutoka huhama kutoka mwezi wa 56 hadi mwezi wa 72. Sehemu ya kumi ya wateja imeongeza mwaka mzima na miezi minne. Ukiongeza kasi ya kuuza, kama wenye mitaji na magazeti wanavyopenda, shimo huzidi kuwa refu, wala haliwi fupi. Mitambo 200 kwa mwezi huchimba shimo mara mbili. Kampuni inayokua haraka huweza kufa kwa njaa huku wateja wakipanga foleni mlangoni. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo ambalo halifundishwi vya kutosha, na wengi wanaoanzisha biashara za mkopo kupitia mtandao hulijua wakiwa wamekwisha kufika chini.

Mobisol iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni Aprili 2019, ilipokuwa na wateja Tanzania, Rwanda na Kenya, na mwaka huohuo ikanunuliwa na kampuni ya Ufaransa ENGIE. Sitaki kusema kwamba hesabu yetu ya ubaoni ndiyo iliyoiangusha. Kampuni halisi ina mambo mengi. Lakini umbo la tatizo ni hilo kwa kila anayenunua mtambo leo kwa dola na kulipwa shilingi kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Wakati huohuo ardhi yenyewe ilikuwa ikibadilika chini ya miguu ya kampuni hizi, kwani nguzo za umeme wa gridi ziliendelea kupanda vijijini kwa mpango wa Wakala wa Nishati Vijijini, na ada ya kuunganishwa vijijini ikawekwa kuwa shilingi 27,000. Kwa mwanakijiji hiyo ilikuwa ni habari njema. Kwa muuza sola ilikuwa ni mshindani asiyehitaji faida.

Biashara iliyo kinyume

Arusha ina biashara nyingine ya mtandao, kongwe na kubwa kuliko taa, nayo ni safari za watalii. Tuitazame kidogo kwa kuwa saa yake huzunguka kinyume. Mgeni aliyeko Chicago au Paris huona tangazo la kampuni ya safari katika intaneti, huandikiana nayo kwa wiki kadhaa, kisha hutuma malipo ya awali miezi mingi kabla ya kuwaona tembo. Fedha hutangulia, huduma hufuata. Mwenye kampuni ndogo huweza kuanza bila shimo refu. Kinachomchosha ni kungoja kuaminiwa, maana mgeni hatumi fedha kwa asiyemjua, na sifa njema za wateja wa kwanza hukusanyika polepole.

Lakini anayepokea fedha kabla ya kazi hubeba deni lisiloonekana. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii takriban milioni 1.5, mwaka 2020, uviko ulipofunga viwanja vya ndege duniani, walikuwa takriban 620,000. Wageni waliokwisha kulipa walitaka fedha zao au tarehe nyingine. Aliyekuwa amezitumia fedha za safari ya Agosti kununulia gari mwezi Februari alijikuta shimoni kwa siku moja, bila kupita katika ngazi zile 25 tulizozihesabu. Aliyeziweka kando mpaka siku ya safari aliweza kufunga ofisi, kuegesha magari na kungoja. Mwaka 2023 watalii walizidi milioni 1.8. Kilichowatenganisha wawili hao mwaka 2020 hakikuwa ushupavu wa moyo bali kilichokuwamo benki.

Kijana mwenye mtaji mdogo, anayetaka kuuza kahawa ya Meru iliyokaangwa, viatu vya ngozi au masomo ya ziada kupitia simu, hana haja ya kuogopa milioni 750. Lakini umbo ni lilelile, na maswali yake ni matatu tu. Kati ya siku ninayotoa shilingi na siku inaporudi, ni siku ngapi? Ninaweza kuishi siku hizo kwa fedha gani? Na kila mwezi unaopita, je, muda huo unafupika au unarefuka? Mtu anayeandika majibu hayo katika daftari anaweza kusubiri kwa akili. Asiyeyaandika husubiri kwa imani peke yake, na majirani humsifu kwa muda.

Zoezi la darasa

Walimu wa hisabati wa shule za Arumeru na kwingineko wanaweza kuligeuza jambo hili kuwa kipindi kimoja cha dakika 80. Chora jedwali lenye safu nne: mwezi, fedha zilizotoka, fedha zilizoingia, na jumla tangu mwanzo. Wanafunzi wajaze kwa ile kampuni ya kufikirika, kisha wachore mchoro wa safu ya nne. Watapata bonde. Wapime kina chake na upana wake. Baadaye wabadilishe kitu kimoja tu kila mara: malipo ya 30,000 badala ya 25,000, miezi 24 badala ya 36, mitambo 50 badala ya 100. Waone ni badiliko lipi hufupisha bonde na lipi hulipunguza kina tu.

Badiliko la mwisho liwe hili: wasiolipa wawe 2 kati ya 10. Mapato yatalingana na matumizi mwezi wa 31, shimo litakuwa milioni 930, na kampuni itatoka shimoni mwezi wa 111, yaani baada ya miaka 9 na miezi 3. Betri ya risasi na asidi, ikitumika kila usiku, huchakaa kwa kawaida ndani ya miaka 3 hadi 5. Mwanafunzi atakayeuliza ni nani atakayezilipia betri hizo mpya, na katika mwezi gani, apewe chaki aendelee.